Jikoni kwa Baa Hakuna Kuonja

Nyinyi mliobaki jikoni mliniomba niandike kabla sijasahau. Sijasahau. Magoti ndiyo yamestaafu, kichwa bado kinaripoti kazini kila asubuhi. Nilisoma mpaka darasa la nne, kwa hivyo mkikuta neno limekaa vibaya, lirukeni mwendelee. Mjukuu wangu wa kwanza, huyu anayesomea upishi chuoni na kuvaa kofia nyeupe ndefu kama bomba la kiwanda, alitaka kunisahihishia. Nikamwambia akasahihishe za wenzake. Ni msichana mwerevu kuwashinda wote darasani kwao, nawaambia tu mjue. Lakini haya ni yangu.

Sitaandika nilipandishwa lini wala nililipwa nini. Hayo hayajawahi kuivisha dengu. Nitawaandikia jiko lililonifundisha, na siku lilipokaribia kufungwa mbele ya macho yangu.

Miaka ya tisini ilipoanza nilikuwa naishi Kaloleni na watoto wanne. Mume wangu alikuwa kibarua wa kiwandani, wiki hii yuko kazini, wiki ijayo yuko kitandani anatazama dari. Jirani yangu akaniambia kuna mama wa Kihindi upande wa Shauri Moyo, nyuma ya maduka ya vyuma, anayetafuta mtu wa kuosha vyombo. "Lakini ni mkali," akasema. Nikamwambia hata mimi.

Nilipita mahali pale mara mbili bila kupaona. Hakukuwa na jina mlangoni. Ukuta ulikuwa wa kijani mpaka kiunoni, na kutoka kiunoni kwenda juu rangi ilikuwa imechoka ikaondoka yenyewe. Ndani kulikuwa na mabenchi, meza za bati, ndoo ya maji ya kunawa, na kalenda ya duka la vipuri ambayo mwaka wake ulikuwa umepita zamani. Basi. Hayo ndiyo mapambo. Nje mafundi wa jua kali walikuwa wakigonga mabati tangu asubuhi, kelele ya kukung'oa meno. Na katikati ya mikokoteni ya mafundi hao, magari ya kung'aa yaliyotoka kwa matajiri wa Parklands yameegeshwa, na wenyewe wako ndani wamebanana kwenye benchi na makanika wenye grisi mpaka kwenye viwiko, kila mtu kimya, anakula.

Watu huniuliza mpaka leo, "Mama Ayub, hoteli nzuri ya Kihindi tutaijuaje?" Nawaambia msitazame pazia. Simama mlangoni uvute pumzi. Ukipokelewa na harufu ya mafuta ya juzi, geuka. Ukiketi ukaletewa kitabu cha vyakula kinene kama Biblia, inuka, hakuna jiko linaloweza kupika hayo yote yakiwa mabichi siku moja. Ukiambiwa, "Leo iko hii na hii, basi," kaa chini. Tazama kama kuna mabibi wazee wa Kihindi wanakula hapo, maana bibi wa Kihindi haachi jiko lake kwa mchezo. Halafu tazama sahani zinazorudi jikoni. Zikirudi zimepanguswa na chapati mpaka zinang'aa, umefika. Kioo ukutani hakijawahi kumshibisha mtu.

Mwenye jiko tulimwita Baa, kwa sababu wajukuu wake walimwita hivyo na sote tukafuata. Ni "mama" kwa lugha yao. Alikuwa mjane, mfupi, sari nyeupe, miguu imevimba ndani ya viatu vya mpira. Mwanawe mmoja, Kirit, muuza vipuri, ndiye aliyeshughulikia mbele na watu wa jiji wanaokuja kutazama kama pana panya. Binti yake alikuwa Uingereza.

Siku yangu ya kwanza sikumaliza hata saa moja kabla sijafukuzwa. Niliona sufuria ya dengu inachemka, nikafanya kama mwanamke yeyote wa kwetu Maragoli: nikachota kidogo, nikatia kiganjani, nikalamba. Baa alinipiga mkono kwa upawa.

"Wewe natoka! Toka nje!"

"Nimekosa nini, mama?"

"Wewe nakula mbele ya Mungu!"

Akanionyesha kona ya jiko. Kulikuwa na picha ya mungu wao, kijana wa bluu mwenye filimbi, na mbele yake kibakuli kidogo kitupu. Kirit alikuja kunieleza mlangoni, mimi tayari nimeshika leso yangu niende. Katika jiko lile chakula cha kwanza ni cha Mungu. Kikishawekwa mbele ya picha, ndipo wengine wale. Ukikionja kabla, umempa Mungu makombo yako. Kwa hivyo hakuna kuonja. Si mchuzi, si chumvi, si chochote.

"Sasa mpishi anajuaje?" nikauliza.

"Hiyo muulize yeye," akasema Kirit. "Mimi ni mtu wa vipuri."

Kwetu ukipika bila kuonja, watu wanakutazama, wanajiuliza umetia nini humo. Hapa ukionja, umefukuzwa. Nilirudi ndani nikaosha vyombo mdomo umefungwa, na nikaanza kumtazama yule mzee.

Alipika kwa pua na masikio. Chumvi aliipima kwenye shimo la kiganja cha kushoto. Unga wa dengu ukiwa mbichi una harufu ya chaki. Hiyo chaki ikiondoka, mchuzi umeiva. Alinifundisha mchuzi wa maziwa mgando na unga wa dengu, ule wanaouita kadhi. Waislamu wa Majengo waliposikia tunapika kadhi walicheka mpaka wakalia. Mchuzi huo ukiuacha kidogo tu bila kukoroga, maziwa yanakatika, na hakuna dua itakayoyaunga tena.

Lakini kazi yenyewe ilikuwa mwishoni. Samli kwenye kikarai kidogo, mbegu za haradali ndani, zinaruka na kupasuka kama mvua ya bati. Zikinyamaza unatia bizari na majani ya mchuzi, halafu mvuje, ile gundi yenye kunuka kama kitunguu kilichokasirika. Hapo ndipo mtu anapatikana. Mvuje huanza na harufu mbaya, inalainika inakuwa tamu, kisha mara moja inaungua na kuwa chungu. Katikati ya tamu na chungu kuna pumzi moja. Katika pumzi hiyo unamimina kikarai ndani ya sufuria, na jiko zima linapiga kelele. Sisi tuliuita mlio. Mlio ukiwa mzuri, makanika nje waliweka nyundo chini.

Nilitoka kwenye vyombo nikaenda kwenye chapati, kutoka chapati nikasogea mpaka begani kwa Baa. Akaacha kuniita wewe, akaniita dikri, binti. Kunipigia kelele hakuacha.

Basi ukaja mwezi wa saba mmoja wa baridi, na Baa akaugua mafua mabaya. Alilala nyumbani, akarudi amepungua, akafunga sari akashika upawa kama kawaida. Siku hiyo nilikuwa nasukuma chapati nimempa mgongo. Harufu ya kuungua ikanipiga kisogoni. Nikageuka. Mvuje ulikuwa mweusi kwenye kikarai, moshi unapanda mpaka usoni mwake, na yeye amesimama juu yake ametulia, anasubiri.

Nilikinyakua kikarai nikakitupa kwenye maji. Tukatazamana.

"Imeungua?" akauliza.

"Imeungua sana, Baa."

Akaketi juu ya gunia la dengu. Akachukua kitunguu, akakikata, akakileta puani. Akachukua kipande cha mvuje. Akachukua samli. Alivuta pumzi kama mtu anayezama. Halafu akaviweka chini kimoja kimoja.

"Kirit hapana jua," akasema. "Yeye najua, mimi naenda Uingereza kukaa kwa dirisha."

Nilijua anachosema. Kirit alikuwa ameona mahali Buruburu, penye watu wa ofisi. Alitaka hoteli ya taa za rangi, vioo mpaka darini, viti vyenye mito, na mpishi wa kuajiriwa mwenye vyakula vingi. Kilichomzuia ni kimoja tu: watu walikuja kula mkono wa mama yake. Mkono huo ukianguka, jiko limekwisha, na yeye Baa atapandishwa ndege. Alikuwa amewaaga mume na dada zake katika mji huu. Kule angekuwa mzigo wenye koti.

Kwa hivyo tukawa watu wawili wenye pua moja. Nilisimama kando yake nikivuma nyimbo za kanisani kwetu kwa sauti ya chini. Mradi naimba, yeye anangoja. Harufu ikifika pale pa utamu, nilikata wimbo, naye akamimina. Hatukukaa chini kupanga. Nilivuma siku moja, nikanyamaza, akamimina, akanitazama, na ikawa hivyo.

Kirit alikuja kulalamika. "Rispa, hapa kuna mandir, hekalu letu. Nyimbo za kanisa za nini?"

Baa akamjibu bila kugeuka. "Naimba Mungu. Si mbaya. Wewe naimba nini? Naimba Buruburu."

Tuliendelea vile msimu wa mvua ukapita na mwingine ukaja. Hakuna sahani iliyorudi na chakula. Lakini kila siku mpya ilikuwa na kikarai chake.

Kisha mama mkwe wangu akafariki, na mazishi ya kwetu huwezi kuyakwepa. Nilikwenda Maragoli. Kabla ya kuondoka nilimwambia Baa, "Pika wali na viazi tu, usiguse mvuje mpaka nirudi." Akaitikia kwa kichwa. Lakini ni mzee mwenye kiburi. Nilirudi nikamkuta Ngugi, fundi wa sufuria aliyekula kwetu kila siku, amesimama nje ananingoja.

"Mathe, pole na msiba. Na pole na huku pia."

"Huku kumekuwa nini?"

"Dengu ya juzi ilikuwa kama dawa ya malaria. Jana tena. Wale wahindi wa magari wameacha sahani zimejaa wakaondoka. Mimi nilimaliza, lakini mimi hata misumari namaliza."

Kirit alikuwa mlangoni. Hakunisalimia. "Ulikuwa umeenda siku hizi zote," akasema, "na chakula kimeharibika siku hizi zote. Sasa nieleze."

"Nikueleze nini? Nimetoka kuzika."

"Basi leo Mama anapika kadhi peke yake. Wewe utakaa mbele na wateja. Ikitoka vizuri, nimekosea na nitaomba msamaha. Ikitoka mbaya, nafunga mlango huu leo hii, na tiketi yake nanunua kesho."

Baa alikuwa nyuma yake anafunga sari. Alisikia yote. Alipita akaingia jikoni, akawasha gesi.

Nikakaa kwenye benchi kati ya Ngugi na mzee mmoja wa Kihindi mwenye kofia. Kati yetu na jiko kulikuwa na kidirisha cha kupitishia masinia. Niliona mkono wa Baa ukikoroga.  Harufu ya chaki ikaja, ikaondoka. Vizuri. Samli ikanukia. Haradali zikaanza kuruka, na nje wale mafundi nao wakagonga kana kwamba wamelipwa na Kirit. Haradali zikanyamaza. Bizari. Majani. Mvuje.

Nikafungua mdomo nikaimba. Si kuvuma, kuimba, sauti ya kwaya, ipite nyundo, ipite kidirisha.

Ngugi akaacha kutafuna. "Mathe, leo ni mkutano wa injili? Mbona hukutuambia tulete sadaka?"

 Pua yangu ilikuwa ndani ya kile kikarai. Mbaya, mbaya, inalainika, inalainika, tamu. Nikakata wimbo katikati ya neno.

Mlio ukapasuka jikoni. Mzee mwenye kofia akafumba macho akasema, "Waah."

Lakini Kirit hakuwa anatazama jiko. Alikuwa ananitazama mimi.

"Umenyamaza," akasema.

"Nimechoka."

"Umenyamaza, na yeye akamimina." Nikamwona akiliunganisha lote kichwani. Vipuri au si vipuri, hakuwa mjinga. Akafunga kile kidirisha kwa nguvu. "Mama!" akaita. "Pika nyingine. Pika tena."

Nilizunguka nyuma nikaingia kwa mlango wa jikoni. Kirit alikuwa amefika kabla yangu. Akaninyooshea kidole. "Simama hapo. Ukitoa sauti, nimefunga."

Nikasimama. Baa alianza upya, maziwa, unga, chumvi kwenye kiganja. Hakunitazama. Alikoroga mpaka mchuzi ukaiva, akaweka kikarai motoni. Haradali ziliruka, zikanyamaza. Bizari, majani. Akatia mvuje.

Ndipo akaniangalia.

Nikatazama sakafu. Harufu ikaja ikawa mbaya, ikaanza kulainika, ikawa tamu, na ilikuwa tamu kabisa, mimina Baa, mimina sasa, nikajiuma ulimi mpaka nikasikia chumvi ya damu. Pumzi ile ikapita. Ikaja ile nyingine, ya kuungua. Baa bado anangoja. Alipoona moshi ndipo akamimina. Mlio ulikuwa uleule. Masikio yasingejua tofauti.

Kirit akachukua kile kibakuli cha mungu wao, akampa mama yake ajaze.

Baa wa watu alikishika. Akatazama sufuria. Akatazama picha. Halafu akafanya jambo ambalo sikuwahi kuliona katika jiko lile na sikuliona tena. Alichota kwa upawa, akaupeleka mdomoni, akaonja.

Kirit alisema neno kwa lugha yao, neno la mtoto aliyeanguka.

Baa akameza. "Chungu," akasema. Akaweka upawa chini. "Mimi hapana weza kumpa Bhagwan chakula mimi hapana jua. Sasa wewe najua. Pua yangu nakufa mwaka jana."

Angeweza kujaza kibakuli akakiweka pale na kujifanya. Kirit angelazimika kungoja mpaka wateja walalamike. Lakini yule mwanamke asingeweka chakula kibaya mbele ya mtu, sembuse mbele ya Mungu, hata kama ni kwa ajili ya kuokoa mlango wake mwenyewe.

Nilidhani Kirit atapiga kelele. Alijishika kichwa kwa mikono miwili.

"Na gesi, Mama?" akasema. "Mwaka mzima? Mtungi ukivuja asubuhi ukiwa peke yako, ukawasha kiberiti? Rispa, hilo mlilifikiria?"

Hatukuwa tumelifikiria. Tulifikiria mvuje. 

Kule mbele watu walikuwa wameanza kugonga meza. Kidirisha kikafunguka, kichwa cha Ngugi kikaingia. "Samahani, familia. Sisi tunakufa huku. Mkishaamua nani anapika mtuambie, tujue kama tunangoja ama tunaandika wosia."

 Baa akamwaga sufuria nzima kwenye ndoo. Akaosha mikono, akaburuta kigoda mpaka ukutani, akaketi.

"Dikri, pika."

Nilipika. Sikuvuma. Kirit alisimama kwenye kiwiko changu amekunja mikono, na yule kijana wa bluu ananitazama kutoka kona.  Chumvi niliipima, nikairudisha, nikaipima tena. Nilikoroga nikihesabu mapigo ya moyo wangu badala ya dakika. Mvuje ulipoingia nilifumba macho, na kwa mara ya kwanza sikuwa nampikia Baa. Nilikuwa napika. Ikaja tamu. Nikamimina.

Nikajaza kibakuli, nikampa Kirit, naye akakiweka mbele ya picha, akafunga mikono. Tukangoja. Kisha nikajaza sahani moja nikamkabidhi. Alikula amesimama. Alikula mpaka mwisho, akachukua chapati akapangusa sahani. 

"Mtungi wa gesi unatoka hapa leo," akasema. "Mtapika na makaa. Na Mama haingii jikoni kama Rispa hajafika."

"Makaa naleta moshi," Baa akasema kutoka ukutani. "Wewe naleta makaa kavu. Hapana leta ile ya mwizi wa Gikomba."

"Sawa, Mama."

"Na ile vioo ya Buruburu?"

 Kirit alichukua masinia akaenda kulisha watu, na kidirisha akakiacha wazi.

Nikamchotea Baa. Alikula polepole, jasho likimtoka kwa pilipili, bangili zikigonga ukingo wa sahani. Mimi nilisimama mbele yake kama mtoto anayengoja matokeo ya mtihani.

"Chumvi sawa," akasema. "Ukali sawa. Ile ingine, mimi hapana fika." Akaweka kijiko chini, akapiga kofi la taratibu mahali patupu pa kigoda, nikae. "Haya. Wewe naniambia. Hii nanukia namna gani?"

Wateja walikuwa wananiita. Niliwaacha waite. Nikaketi, nikavuta pumzi, nikaanza na samli.